Gari Linadai Lami

"Taa imewaka," alisema Sifael.

Nilikuwa naipua sufuria ya kande, mvuke umenijaa usoni. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, hakuingia wala hakutoka. Ufunguo wa gari alikuwa nao mkononi, anaugeuzageuza.

"Ile ya njano," akaongeza. "Gari linadai lami, mama Victoria. Asubuhi itabidi nishuke."

"Kesho ni msaragambo."

"Najua. Lakini mgonjwa hachagui siku."

Mgonjwa, jamani. Anazungumzia gari. Nilipakua kande, nikamwekea mezani, nikakaa mbali kidogo nikimtazama anavyokula. Mguu wake mmoja ulikuwa unatikisika chini ya meza. Alikula kama mtu anayeogopa kuachwa na basi, na alipomaliza akasema ahsante, akatoka nje kulizunguka gari, akapiga tairi mateke kidogo, akarudi, akatoka tena. Mume wangu ana miaka ya kutosha kuitwa babu, lakini ukimwambia akae chini ni kama umemfunga kamba.

Niseme mapema kwamba gari lenyewe silichukii. Sifael alilinunua alipostaafu. Maisha yake yote aliendesha malori ya watu, Same mpaka Dar, Dar mpaka Tunduma, Tunduma mpaka Lubumbashi, na alipomaliza akasema sasa anataka kuendesha la kwake. Akaleta dude jeusi, refu, linavuta tairi zote nne, taa za mbele zimekunja uso kama mwalimu wa zamu. Siku lilipopanda kwetu mara ya kwanza mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Sisi tunakaa juu zaidi, ukishaipita Suji, na njia yetu ni udongo mwekundu, mawe, na korongo upande mmoja. Bodaboda zote zilikuwa zimelala. Gari lilipanda kimya kimya, watu wakaacha mashamba kuja kuliangalia, na mimi niliyekuwa kiti cha mbele nilijiona malkia. Sina sababu ya kuficha. Kiti kile kinapasha joto kiunoni. Mwezi wa saba ukungu unaposhuka mpaka mlangoni, kiti cha namna hiyo ni neema kwa mwanamke anayeinama kulima tangawizi.

Ila lina vituko. Ukiweka gunia la tangawizi kiti cha nyuma, linalia mpaka ulifunge gunia mkanda. Migomba imeinamia njia pande zote, na kila jani likigusa, linapiga kelele kwamba tunagonga. Siku moja lilijifunga breki lenyewe kwa sababu ya kuku wa Rogathe, jirani yangu, nikajimwagia mapajani maziwa yote niliyokuwa napeleka kwa mchungaji. Kamera ya nyuma ikijaa tope inaonyesha rangi ya kahawia tupu, basi Sifael anashuka na kitambaa chake cha mfukoni kwenda kuipangusa. Viatu vyake mwenyewe vina tope mpaka kwenye kamba, hivyo havipangusi. Halafu kuna kitufe cha kuteremkia mlima. Unakibonyeza, unaondoa mguu, gari linajishusha polepole huku linakoroma. Kitufe hicho Sifael anakipenda kuliko vyote. Mimi nafumba macho mpaka tufike chini.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonishinda ni masizi.

Alinieleza vizuri, maana kueleza anajua. Chini ya gari kuna chujio linalozuia moshi mweusi usitoke. Masizi yakijaa humo lazima yaungue, na hayaungui mpaka gari likimbie kwa kasi, kwa muda mrefu, bila kusimamasimama. Sasa kwetu litakimbilia wapi? Huku ni gia ndogo na kona, unapeleka mgonjwa zahanati unarudi, unafuata mbolea unarudi. Masizi yanajaa, taa ya njano inawaka, na ukiipuuza gari linajipunguzia nguvu lenyewe, halipandi tena. Dawa yake ni kushuka mpaka Makanya, kuingia barabara kuu, na kulikimbiza kuelekea Same, au upande wa pili kuelekea Hedaru.

Mwanzoni ilikuwa mara moja moja. Kisha ikawa kila wiki. Kisha wiki yenyewe ikawa ndefu, taa inawaka Jumatatu, inawaka tena Alhamisi. Anaondoka chai haijapoa, anarudi jua limeshuka, uso umetulia, anakula, analala. Kesho yake asubuhi yuko sawa. Ikifika mchana mguu unaanza kutikisika.

Zamani alikuwa akinipigia simu akipita Makanya na lori. "Nipo hapa chini, mama Victoria, niangalie." Nilikuwa natoka mpaka ukingoni mwa shamba, natazama lile bonde kavu na barabara iliyonyooka katikati yake. Malori yanapita, madogo kama chawa. Sijui lipi ni lake, basi nilikuwa nayapungia yote. Na kila mara kabla hajakata simu alisema, "Nikistaafu utanichoka." Mimi nilikuwa nasubiri kwa hamu kumchoka. Sikutaka jingine. Nilitaka niamke asubuhi awepo, niingie jioni awepo, niugue awepo, tuzeeke huku tunagombania blanketi. Watoto watatu niliwalea peke yangu kwa ahadi hiyo. Halafu mtu anastaafu, anarudi, na gari linamchukua.

Ungedhani kijiji kingenionea huruma. Kijiji kilikuwa upande wa gari. Likidai lami, kuna wa kupelekwa soko la Same, kuna wa kupelekwa hospitali, kuna vikapu vya parachichi vya kuteremshwa Makanya. Rogathe akiona Sifael anafungua boneti anauliza kwa matumaini, "Imewaka?" Mahali pengine watu wanaombea magari yapone. Kwetu walikuwa wanaombea liumwe.

Tena likapewa cheo cha mgonjwa kabisa, kwa mkutano. Msaragambo, kwa asiyejua, ndiyo kazi yetu ya pamoja, tangu enzi za babu zetu. Njia ikikatika, mfereji ukiziba, ndiva, lile bwawa la maji ya mashamba, ikijaa tope, pembe inapigwa na kila nyumba inatoa mtu na jembe. Siku hizi tangazo linawekwa kwenye simu pia, lakini pembe bado inapigwa. Haiwekwi Jumamosi kwa ajili ya Wasabato wala Jumapili kwa ajili yetu Walutheri, kwa hiyo huwa Jumatano. Asiyekuja analipa faini, na akikaidi kamati inakwenda kwake kukamata kuku. Wanaosamehewa ni wazee wasiojiweza, aliyejifungua, na anayeuguza.

Masika yalipokwisha, yameikata njia kwenye kona ya juu, Sifael akakosa msaragambo wa kwanza, akakosa na wa pili. Nilijua kamati itakuja. Ukaitishwa mkutano. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Sadock, ni mtu makini, hana mzaha hata kwenye harusi. Alisimama akasema, "Ndugu zangu, gari hili ndilo linalobeba wagonjwa wetu. Likifa, tutarudi kwenye machela. Sasa mtu anayelihudumia lisife, tumwite mtoro au tumwite anayeuguza?"

Walijadili. Mtu mmoja aliuliza kama gari linaweza kuumwa, akajibiwa kwamba mbona ng'ombe anaumwa na tunamsamehe mwenye ng'ombe. Mwingine akataka kujua kama ugonjwa wenyewe ni wa muda au wa kudumu. Sifael akasimama, akaeleza kuhusu masizi kwa unyenyekevu mkubwa. Wakapiga kura ya mikono, mume wangu akawa rasmi mtu anayeuguza. Niliangalia kila uso kutafuta anayecheka. Hakuna. Rogathe aliinua mkono wake juu kuliko wote.

Ndiyo maana siku ile ya kande nilijua siwezi kumzuia. Asubuhi nilichukua jembe nikaenda msaragamboni peke yangu.

Tulikuwa kona ya juu, tunapanga mawe kwenye mfereji ambao maji yalikuwa yameuchimba katikati ya njia. Jasho linatutoka, wanawake wanabeba mawe kichwani, wanaume wanayapokea. Tukasikia gari linashuka. Sadock akanyoosha mkono. "Tumpishe mgonjwa."

Watu wakaweka majembe kando. Wakaondoa mawe tuliyokuwa tumeyapanga, wakayapanga upya pale ambapo tairi zingekanyaga, mmoja akasimama mbele anamwelekeza, kushoto, kushoto, njoo. Gari likapita likikoroma kwa kitufe chake. Sifael alishusha kioo, akawashukuru wote kwa majina, na alipofika kwangu akasema, "Sichelewi." Kioo kikapanda chenyewe.

"Pole na mgonjwa, mama Victoria," mwanamke mmoja akaniambia.

Mpaka leo sijui kama alinidhihaki au alinipa pole ya kweli. Niliinamia jembe langu nikalima mahali pasipohitaji kulimwa. Nilikuwa nimejaa aibu na hasira, na katika hasira ile nikaamua kwamba gari lile litapona. Litapona moja kwa moja, liwe linashinda uani kama magari ya wenye akili, na mwenye gari ashinde barazani. Kama kuna fundi, atalitibu. Kama ni kuuza ng'ombe wangu, nitamuuza.

Wiki iliyofuata taa ikawaka tena. Nikamwambia Sifael nami nashuka, nikapimwe macho Same. Alifurahi, akanifungia mkanda mwenyewe. Njia nzima hakunishuku. Tulipofika aliniteremsha karibu na soko, akasema anakwenda kulikimbiza mpaka Kisangara, atarudi kunichukua mchana.

Sikwenda kupima macho. Nilikwenda gereji kwa Abdulmalik, fundi ambaye jina lake lilikuwa halikauki mdomoni mwa mume wangu. Ni kijana mpole, mrefu. Nilimkuta chini ya pikapu, miguu tu ndiyo inaonekana. Aliponisikia akatoka, akajifuta mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi ni mke wa Sifael, wa lile gari jeusi la Suji."

"Ah, mzee Sifael! Karibu, mama, karibu kiti."

Nilikaa. Nikamweleza kwamba nimekuja bila mzee kujua, naomba anisaidie kama angemsaidia mama yake. Je, hakuna dawa ya kumaliza kabisa yale masizi, tusisumbuke tena kushuka kila mara?

Abdulmalik alinitazama, akatazama kitambaa chake, akanitazama tena. "Dawa gani tena, mama? Si tulishalitoa?"

"Mlitoa nini?"

"Chujio. Kabla ya Pasaka. Mzee alisema linamchosha, nikalikata, nikaunga bomba moja kwa moja. Wengi wa milimani tunawafanyia hivyo. Na ile taa tuliifuta kwenye kompyuta ya gari, haiwezi kuwaka hata akitaka." Kisha akaingiwa na wasiwasi wa kazi yake. "Kwani inawaka?"

Kabla ya Pasaka. Nilirudisha mawazo nyuma. Msaragambo wote, mkutano, ile kura ya mikono, vyote vilikuwa baada ya Pasaka.

"Haiwaki," nilimwambia. "Nilitaka kuhakikisha tu."

Aliniletea soda. Sikuinywa. Niliaga nikatoka, nikatembea mpaka barabarani, nikarudi mpaka sokoni, nikasimama kwa muuza vitambaa nikashika kitambaa ambacho sikukiona rangi. Mawazo yalikwenda kule mawazo ya mke yanakokwenda. Kuna nyumba mahali fulani. Kuna mwanamke. Pengine Kisangara, pengine Hedaru, pengine kuna mtoto mwenye masikio kama ya Victoria wangu. Dereva wa malori, tena mwenye sura, nilikuwa nategemea nini? Nilihama kutoka kivuli kimoja hadi kingine mpaka muuza vitambaa akaniuliza kama kuna mtu ananifukuza.

Gari lilipokuja nilifungua mlango nikanusa kabla sijakaa. Lilinukia machungwa. Kulikuwa na mfuko wa machungwa nyuma, ameufunga mkanda ili gari lisilie. Nilitazama kiti changu kama kimesogezwa. Hakikusogezwa.

"Macho wamesemaje?" aliniuliza.

"Wamesema naona vizuri sasa. Taa imezima?"

"Imezima." Alitabasamu. "Limepona kabisa, sikiliza injini."

Nilisikiliza injini. Alinidanganya kwa uso mchangamfu, bila kupepesa, na bado mkono wake ukapeleka baridi ya gari upande wangu kwa sababu anajua naumizwa na joto la Same. Nilikaa na maneno yangu mdomoni kama mtu aliyejaza maji. Nilikuwa nimepanga kuyamwaga tukifika nyumbani, mlango umefungwa. Lakini tulipokaribia Makanya, akaanza kupunguza mwendo ili tukate kupanda kwetu, nikasikia sauti yangu inasema, "Usikate. Nyoosha."

"Twende wapi?"

"Wewe ukitoka nakuuliza unakwenda wapi? Nyoosha. Nataka nione linavyouguzwa."

Alinitazama kidogo. Kisha akanyoosha.

Milima ikabaki kushoto kwetu, mkonge na vichaka vikavu kulia, na barabara mbele imelala wazi. Nilikuwa namtazama mume wangu, sikutazama barabara. Nilisubiri asite, ajikanyage, anipe sababu ya kutofika huko kwenye hiyo nyumba. Hakusita. Mabega yake yalishuka. Mguu uliokuwa ukitikisika chini ya meza yangu ulitulia tuli. Hakuendesha kwa fujo, aliendesha kama mwanamke anayesuka ukili huku anazungumza. Akaanza kunionyesha vitu. Pale alipasukiwa tairi mbili kwa mpigo, yeye na utingo wake wakachemsha chai kwa maji ya rejeta. Hapa alikuwa ameegesha alipopata habari kwamba Victoria amezaliwa, akashuka akakimbia barabarani huku na huku kwa kuwa hakuwa na wa kumwambia. Habari hiyo nilikuwa siijui. Lori likija mbele aliliwashia taa, na dereva akajibu kwa taa, akafurahi kama amesalimiwa na askofu. Alikuwa anaimba chini chini. Mtu huyu sikuwahi kumwona nyumbani kwangu. Nyumbani kwangu miaka yote alikuja yule mwingine, mchovu, anayelala.

Tukapita Hedaru. Hakupunguza mwendo mbele ya nyumba yoyote wala hakugeuza shingo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna mwanamke, na kuelewa huko hakukunipoza. Mwanamke ningejua namna ya kumshughulikia. Nina mdomo, nina shemeji zangu, nina mchungaji. Lami utaikamata wapi uiulize?

"Simama," nilisema.

Akasimama kando, mahali ambapo akina mama walikuwa wamepanga vitunguu kwenye ndoo. Mmoja alianza kuja na ndoo yake, akatuona nyuso, akarudi kukaa.

"Nilikwenda kwa Abdulmalik," nilisema.

Hakuuliza nilifuata nini. Mikono yake ilibaki kwenye usukani, anatazama mbele. Lori likapita, gari letu likayumba kidogo.

"Alikuambia nini?"

"Kwamba taa haiwezi kuwaka hata ukitaka."

Nilimwachia nafasi. Nilitaka akatae ili nigombe vizuri. Sifael aliondoa mkono mmoja kwenye usukani, akauangalia, akaurudisha.

"Nilipolitoa nilikuwa na nia njema," alisema. "Nilirudi siku ile nikasema, basi, sasa nimekaa. Nikakaa barazani. Ukaniletea chai, ukaniuliza kama nataka kitu kingine, nikasema sitaki. Ukaenda shambani. Nikakaa. Ukarudi ukapika, tukala, ukaniuliza kama nimeshiba, nikasema nimeshiba. Ukaenda kwaya. Sijui kukaa, Yudith."

Jina langu. Tangu Victoria azaliwe hakuwa ameliita.

"Wewe ulizoea mgeni wa siku mbili," aliendelea. "Mgeni anapikiwa vizuri, analala, anaondoka. Sasa mgeni haondoki, na wewe bado unamwekea chakula na kukaa mbali. Tukimaliza kula sijui tuzungumze nini. Naona una kazi zako, una watu wako, nyumba inakwenda vizuri kama saa. Nikiwa pale nakuwa kama kitu kilichowekwa njiani. Huku barabarani najua nifanye nini na mikono yangu. Nakuogopa, ndiyo kweli yenyewe. Gari nililisingizia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, kwa mwanamke, kwa hasira. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Liliniuma mahali ambapo sikujua kwamba pana kidonda. Kwa kuwa ilikuwa kweli. Nilikuwa nampikia kama mgeni, namtandikia kama mgeni, hata sauti ya kumsemesha ilikuwa ile ninayomsemeshea mchungaji. Miaka yote nilimsubiri aje akae, na sikuwahi kufikiria kwamba akishakaa tutafanya nini.

Lakini hasira nayo ilikuwa na haki yake, na nikaisema. "Mimi nilisimama na jembe, Sifael, watu wakinipa pole ya mgonjwa ambaye hayupo. Mwenyekiti akaondoa mawe tuliyoyabeba kwa vichwa ili wewe upite kwenda kupunga upepo. Hilo sitakusamehe leo. Pengine wiki ijayo."

"Una haki."

"Jumatano utasimama mbele yao useme gari limepona. Useme mwenyewe. Halafu ushike jembe."

"Nitasema. Faini nitalipa. Lakini wataniona nashuka tena. Wataniuliza sasa unakwenda wapi na gari zima."

"Kwani utashuka tena?"

Alinigeukia. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuyaficha. "Sitaki kukudanganya mara ya pili," alisema.

Hilo ndilo jibu nililopata. Sikupata nilichokisubiri, na pale kando ya ndoo za vitunguu niliona wazi kwamba sitakipata. Mume wangu hatakaa. Atakuja, atakula, atazunguka gari, mguu utaanza. Nilitazama nje nikaacha machozi yashuke, sikuyapangusa, na gari likaanza kulia kwa sababu nilikuwa nimefungua mkanda bila kujua. Sifael alinyoosha mkono akanifungia.

"Waambie," nilisema nilipoweza kusema, "kwamba unakwenda kutembea na mke wako."

"Watacheka." Alisema kweli. Kwetu mwanamume wa umri wake anatembea kwenda msibani, kwenda kanisani au kwenda shambani. Kutembea na mke, tena kwa gari, bila shughuli, ni habari ya kusimuliwa mpaka Chome.

"Wacheke. Mimi wameshanicheka, sikufa."

Yule mama wa vitunguu akaona sasa tumetulia, akaja. Tukanunua ndoo nzima ambayo hatukuihitaji. Sifael akaiweka nyuma, akarudi kwenye usukani, akawasha kiashiria cha kugeuza turudi nyumbani. Kilikuwa kinapiga tik, tik, tik. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili, na hakugeuza. Alikuwa ananingoja mimi, na mimi sikujua namna ya kuanza. Mikono yangu ilikuwa mapajani, imelala tu, na nikaona jinsi inavyotisha kukaa na mtu bila sufuria katikati yenu.

"Lubumbashi," nilisema. "Kukoje?"

"Lubumbashi?"

"Umekwenda miaka yote. Sijawahi kukuuliza."

Alifikiri. Akazima kiashiria, akaingiza gari barabarani, mbele, siyo nyuma. "Kwanza," akasema, "ukifika usiku unaona moto wa viwanda kutoka mbali, unadhani mji unaungua." Akaanza kunieleza, kwa kusitasita mwanzoni, na mimi nikauliza, akaeleza, nikabisha, akacheka, na tulipokuja kukumbuka kwamba mbuzi wangu hawajanyweshwa, tulikuwa tumeshaipita Mombo.